Ngiri Mwonjaji na Bisi za Bi Kanga

Paukwa!

— Pakawa!

Hadithi njoo!

— Njoo, chumvi kolea!

Haya, nimesema chumvi, sikusema utamu. Hadithi ya leo haina sukari hata chembe. Sogeeni karibu. Wewe Zuwena, hizo karanga zitunze kidogo, maana tukifika katikati utazitamani.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na kijiji chao, na kijiji kilikuwa na kiwanja cha kupuria nafaka. Kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani na baridi ya kipupwe ikianza kuuma masikio, palifanyika Karamu ya Magunzi. Wakubwa walikuwa na karamu zao, na tusiulize walikunywa nini huko. Hii ilikuwa ya watoto. Tangu asubuhi walicheza na magunzi ya mahindi, na kabla jua halijachwa walikula kitafunio cha chumvi, kitu cha kulia mdomoni, karu, karu, karu. Mpishi alikuwa mmoja, kwa zamu.

Sasa, mwaka mmoja mtoto wa Komba alikula mhogo mchungu pale karamuni. Akaumwa tumbo siku tatu, akapona. Lakini baraza la kijiji halikupona. Lilikaa kikao siku tisa, likatoka na sheria mbili.

Sheria ya kwanza: Kitafunio kitaonjwa na Mwonjaji kabla ya watoto.

Sheria ya pili: Mpishi atakayewaacha watoto na njaa mpaka jua lichwe, atahama kijiji, yeye na wanawe.

Mwonjaji akateuliwa Ngiri. Mnauliza kwa nini Ngiri? Baraza liliuliza nani ana uzoefu wa kula, na Ngiri akawa wa kwanza kunyoosha mguu. Akapewa na karani wa kumwandikia, yule ndege mwenye miguu mirefu, manyoya ya kuandikia yamechomekwa kisogoni. Jina lake Karani Tamba. Karani Tamba hakuonja kitu. Aliandika tu. Aliandika habari za vyakula kurasa kwa kurasa, na hakuna punje iliyopita kooni mwake.

Mwaka wa kwanza wa sheria hizo, zamu ilikuwa ya Bi Pimbi. Alikaanga ndizi mbichi, sinia zima. Ngiri akaonja. Akaonja tena. Jua likachwa, sinia tupu, watoto wanalia. Bi Pimbi akafungasha vyombo, akaenda kuishi juu ya mwamba, mlango upepo, dirisha upepo.

Mwaka uliofuata zamu ikamwangukia Bi Kanga.

Siku zile Kanga alikuwa mweusi tititi, hana doa hata moja. Alikuwa mjane, na vifaranga wake ni kumi na wawili, wadogo, miguu kama njiti. Akautazama ule mwamba kwa mbali. Mwewe alikuwa akizunguka juu yake, taratibu, kama mtu asiye na haraka. Bi Kanga akasema moyoni, "Pimbi ana meno. Wangu hawa watafika kesho?"

Akaamka alfajiri, akamenya mihogo. Akaikata myembamba, akaikaanga mpaka ikawa rangi ya dhahabu, akainyunyizia chumvi, ndimu na pilipili ya unga. Harufu ikafika kiwanjani kabla yake.

Vifaranga wakaimba:

"Mama, kimeiva?"

"Kimeiva, wanangu."

"Mama, tule?"

"Bado kinaonjwa."

Ngiri akafika, na karani nyuma yake. Akapiga magoti ya mbele. Ngiri hakula akiwa amesimama. Alisema ni kwa heshima ya kazi. Akatafuna kipande kimoja, macho kafumba.

"Huu umeiva," akasema. "Je, mwenzake?"

"Bwana Mwonjaji," akasema Bi Kanga, "yote imetoka karai moja."

"Shemeji, mhogo mmoja hauwakilishi wenzake. Nikikosea mimi, tumbo la nani litaitwa barazani? Karani, andika."

Karani Tamba akachomoa unyoya. "Mhogo mmoja hauwakilishi wenzake. Nimeandika."

Basi Ngiri akaonja wa pili. Je, mwenzake? Akaonja wa tatu. Je, mwenzake? Akaendelea hivyo mpaka sinia likawa linaonekana maua yake.

"Andika, karani: Kitafunio ni salama."

"Salama," akaandika karani. Akachungulia sinia. "Na kimekwisha?"

"Hilo halimo katika fomu."

Bi Kanga hakulia. Alirudi jikoni mbio. Akatwanga kunde zilizolowekwa, akatia kitunguu na chumvi, akachoma bhajia. Mchana ulipofika, bhajia zilikuwa zimejaa ungo, zinapiga moshi.

"Mama, kimeiva?"

"Kimeiva, wanangu."

"Mama, tule?"

"Bado kinaonjwa."

Ngiri akapiga magoti.

"Bwana, si asubuhi umeshaonja chumvi ya mkono wangu?" akauliza Bi Kanga.

"Taarifa ya asubuhi inahusu mihogo. Kunde hazina taarifa." Akatupia moja mdomoni. "Hii ina chumvi. Je, mwenzake?"

Mnajua kilichofuata. Semeni.

— Akaonja zote!

Akaonja zote. Halafu akaramba ungo, ili kuthibitisha.

Jua likaanza kuteremka. Watoto wamechoka kucheza, wamekaa juu ya magunzi, vidole mdomoni. Mtoto wa Komba, yuleyule wa tumbo, akasema, "Mimi ningekula hata ule mhogo mchungu."

Bi Kanga akaingia jikoni. Mihogo hakuna. Kunde hakuna. Akatazama chini, akatazama juu. Juu ya jiko, kwenye moshi, palining'inia mabunzi machache ya mahindi ya bisi, yale madogo, magumu kama changarawe. Akayateremsha, akayapukuchua, yakajaa kibaba kimoja. Akaweka chungu kikubwa motoni, kitupu. Kisha akatia punje zile kwenye kawa, kile kifuniko cha ukindu, akatoka nazo kiwanjani.

Vifaranga wakanyanyua shingo. "Mama, kimeiva?"

Safari hii akawapita, akaenda moja kwa moja kwa Ngiri.

"Bwana Mwonjaji," akasema, "kitafunio changu ni hiki."

Ngiri akacheka mpaka tumbo likatikisika, na lilikuwa na mengi ya kutikisa. "Mahindi makavu! Shemeji, watoto watatafuna mawe? Nenda kaanze kufungasha, jua ndilo hilo."

"Kufungasha nitafungasha. Lakini wewe onja kwanza. Au sheria inasema kionjwe kilichoiva tu?"

Ngiri akamtazama karani. Karani akafungua daftari, akasoma polepole: "Kitafunio kitaonjwa na Mwonjaji kabla ya watoto." Akageuza ukurasa, akaurudisha. "Habari ya kuiva haimo. Na Mwonjaji asipoonja, hiyo ni kutoroka kazini."

Watoto wote wakawa wanamtazama. Ngiri akapiga magoti, akatia punje moja mdomoni, akauma.

Kach!

Sikieni vizuri. Haikuwa punje iliyolia. Lilikuwa gego.

Chozi likamtoka Ngiri jicho la kushoto, akalificha kwa sikio. Mkubwa halii mbele ya watoto.

"Imeonjwa," akasema kwa sauti nyembamba.

"Je, mwenzake?" akauliza Bi Kanga.

"Nani?"

"Mwenzake, bwana. Moja haiwakilishi wenzake. Nikikosea mimi, tumbo la nani litaitwa barazani?" Akamsogezea kawa. "Zimo kama mia tano hivi. Onja taratibu, mimi nakusubiri."

Ngiri akazitazama zile punje, nazo zikamtazama. Gego likampiga mpaka utosini.

"Hapana!" akasema. "Hapana, hapana. Haya si mihogo. Hii ni nafaka. Kuanzia leo, punje moja inawakilisha ukoo mzima! Karani, andika!"

Karani Tamba akaandika kwa mwandiko mzuri kuliko wote aliowahi kuandika. "Punje moja inawakilisha ukoo mzima. Imeonjwa, ni salama. Faili limefungwa."

Alipotamka "limefungwa" tu, Bi Kanga alikuwa ameshafika jikoni.

Na hapa nyie wenye watoto sikilizeni, maana kazi yenyewe ni hii tu, hata Mbwana pale anaiweza. Chungu kikishika moto, tia mafuta vijiko viwili. Tia punje. Funika. Tikisa. Basi.

Pa.

Kimya kidogo.

Pa, pa. Papapa. Papapapapapa!

Bi Kanga akakibeba chungu kinacholia mpaka katikati ya kiwanja, akakitua, akafunua. Lo! Bisi zikaruka juu kama nzige weupe. Akashika chumvi kiganja kizima akairusha hewani, na bisi zikateremka na chumvi yake juu ya vichwa vya watoto, mabegani, mapajani, mdomoni.

"Mama, kimeiva?"

"Kimeiva, wanangu!"

"Mama, tule?"

"Kuleni! Kimeshaonjwa!"

Karu, karu, karu, kiwanja kizima.

"Simameni!" akafoka Ngiri. "Nilichoonja mimi kilikuwa kidogo, kigumu, cha manjano! Hivi ni vikubwa, laini, vyeupe! Hivi sivijui!"

Bi Kanga akamgeukia. "Mwanangu akivaa kanzu nyeupe ya sikukuu, si mwanangu tena?"

"Karani!"

Karani Tamba akafunua daftari, akakohoa, akasoma kwa sauti iliyofika hadi mwambani: "Punje moja inawakilisha ukoo mzima." Akalifunga. "Ni ukoo uleule, bwana. Na faili limefungwa. Kulifungua kunataka kikao cha baraza, siku tisa."

Ngiri akaona bora aonje japo chache. Lakini ili ale lazima apige magoti, na mpaka goti la kwanza litue, bisi iliyokuwa hapo ilikuwa tumboni mwa mtoto. Akahamia pengine, akapiga magoti, pakavu. Akahamia pengine.

Jua likachwa. Hakuna mtoto aliyelia. Mtoto wa Komba alikuwa amelala, bisi moja shavuni. Bi Kanga akawahesabu vifaranga wake, kumi na wawili, akakaa chini kando ya jiko kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, akashusha pumzi ndefu mpaka majivu ya moto yakaruka. Halafu akampelekea Karani Tamba konzi moja ya bisi aliyokuwa amemfichia chini ya bawa. Karani akaila yote. Hakuandika kitu.

Baraza likamwandikia Bi Pimbi barua ya kumrudisha nyumbani. Naye akajibu kwamba anashukuru, ila mwambani jua ni zuri na hakuna anayekuja kuonja. Wampelekee bisi tu.

Tangu siku ile Kanga ana madoa meupe mwili mzima. Ni chumvi ile na bisi zile, zilimgandia, na hakutaka kuzifuta. Na ukimwona Ngiri nyikani amepiga magoti, usidhani anaomba msamaha. Anatafuta iliyobaki.

Fundisho ni hili: aliyepewa kuonja asile, na chakula cha watoto ni cha watoto. Na wewe unayetunga sheria, itunge kama mtu ambaye kesho atasomewa yeye, maana mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Hadithi yangu imefika chini ya chungu. Kama imekolea, ni yenu nyote. Kama imezidi chumvi, nirudishieni, nitakunywa maji.