Mwalimu Sifuni Aliyemuulizia Mama Mwenye Nyumba

Hii nimetumiwa na shemeji yangu, nikaisoma chai ikapoa. Kama unatafuta nyumba ya kununua, usiipite.

Mwalimu Sifuni alistaafu akapata kiinua mgongo chake. Watoto walitaka anunue gari, wifi yake akataka afuge kuku. Yeye alitaka nyumba ya vyumba vya kupangisha, imtunze uzeeni. Alijua fedha ile haiji mara mbili. Ikipotea angebaki kula kwa wakwe, na hilo lilimtisha kuliko ugonjwa.

Dalali mmoja, Sadoki, akampeleka kwa Bwana Mligo, pale Makambako. Nyumba ilikuwa safi, ina maji na umeme, na wapangaji wake watulivu. Mwalimu akaipenda papo hapo. Tatizo, bei ilizidi kidogo kile alichokuwa nacho.

"Si unakopa benki, mwalimu?" Sadoki akasema. "Rejesho litatoka kwenye kodi ya vyumba."

"Na vyumba vikikaa wazi, mwanangu, rejesho litatoka wapi?"

Mwalimu akamgeukia mwenye nyumba.

"Kodi ya jengo imelipwa?"

"Imelipwa yote."

"Hati haijawekwa rehani mahali?"

"Haijawekwa. Hii hapa, ishike."

"Na mama mwenye nyumba yuko wapi, nimsalimie?"

Bwana Mligo akakohoa. "Mke wangu yuko shamba, Wanging'ombe. Mimi ndiye baba mwenye nyumba."

"Mwalimu," Sadoki akacheka, "unanunua nyumba au unaposa?"

"Nyumba waliyojenga wawili haiuzwi na mmoja. Sheria inataka mwenzake aridhie. Mimi sitoi hata senti mpaka nimsikie kwa kinywa chake."

Mlangoni alikuwa amesimama Bwana Kihwele, mfanyabiashara wa mbao, naye kaja kuitazama nyumba ile ile. Subira haikuwa fani yake. "Mwenye maswali akafundishe darasa la tatu," akasema. "Mimi fedha ninayo hapa." Akalipa siku hiyo hiyo, wakaandikishana, wakapeana mikono, Sadoki akapata chake.

Mwalimu Sifuni alirudi nyumbani ameumia. Watoto wakamwambia mama amestaafu lakini maswali yake bado yako kazini. Alicheka nao, ila chumbani akalia. Nyumba ile aliitaka kwelikweli.

Bwana Kihwele hakukawia. Wiki hiyo hiyo akawapandishia wapangaji kodi. Mpangaji mmoja akampigia simu Bi. Atukuzwe, mke wa Mligo, kule shamba.

"Shikamoo mama. Tuna mwenye nyumba mpya?"

Bi. Atukuzwe aliacha viazi shambani akapanda basi la kwanza. Nyumba ile waliijenga pamoja, tofali kwa tofali, kwa viazi vyake na mshahara wa mumewe. Shauri likafika kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha baraza la ardhi, na mauzo yakabatilishwa. Bwana Mligo akaamriwa kurudisha fedha. Arudishe nini? Alikuwa amekwisha kununua lori bovu, liko gereji linakula vipuri.

Wote wakatarajia mama ang'ang'anie nyumba yake. Yeye akasema, "Deni la mume wangu sitalikimbia. Tutauza. Lakini safari hii mnunuzi namchagua mimi."

Bwana Kihwele akanyanyuka haraka. "Basi shemeji, yaishe! Fedha yangu mnayo tayari. Ridhia tu, uweke sahihi."

"Hapana. Wapangaji wameniambia kuna mwalimu alikuja hapa akaniulizia. Mwiteni."

Mwalimu Sifuni akaja, akasema wazi kwamba fedha yake haifiki bei na kukopa hataki. Bi. Atukuzwe akampunguzia kilichopungua. Mke na mume wakaweka sahihi mbele ya wakili, majirani wakishuhudia. Kwa fedha hiyo, na kwa lile lori bovu lililouzwa kuziba pengo, Kihwele akarudishiwa fedha zake zote, lakini bado kanuna.

"Mama, hata hunijui," Mwalimu Sifuni akasema, machozi yakimlengalenga. "Kwa nini mimi?"

"Yule alinunua nyumba yangu kana kwamba nimekwisha kufa," Bi. Atukuzwe akajibu. "Wewe ulinitafuta ukijua niko hai."

Funzo: Kabla hujatoa fedha yako kununua mali, uliza mkopo utalipwa na nini, kodi zimelipwa au la, na nani mwingine ana haki pale. Muuzaji anayekerwa na maswali yako, huyo amekwisha kukujibu.