Neno la Binti Digidigi

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Maharage?"
"Hayajaiva!"
"Basi sogeeni. Iive hadithi kwanza."

Binti Digidigi aliolewa ng'ambo ya mto. Akiwa na neno la kumwambia mama yake, alimtuma Mbayuwayu, naye alilifikisha kwa Kasuku, mtunza maneno ya pori. Mama Digidigi akija husema, "Kasuku, rudia." Kasuku hurudia.

Siku moja Mbayuwayu alileta neno jipya katikati ya mvua. Mama Digidigi akangoja ikatike, akakimbia.

"Kasuku, rudia."
"Kisima ni cha Fisi!"
"Na mwanangu kasemaje?"
"Cha Fisi! Vyote vya Fisi!"

Fisi alikuwa amemlisha karanga na kumfunza upya.

Lakini Kindi, kama mjuavyo, haachi kuweka akiba. Kila mwezi ukiandama, alimfunza Kinda wa Kasuku maneno yote, pangoni mwa mti. Maneno ya baadaye aliyadaka Chiriku, moja baada ya jingine, chiri, chiri. Tatizo, alidaka na ya Fisi. Akiyaimba, akomeshwe wapi?

Kindi akamwendea Fisi.
"Shikamoo, mwenye pori."
"Marahaba, kimkia."
"Wanakucheka. Eti umetawala tangu jioni tu."
"Jioni? Waongo! Mvua ilipokatika, chura wa kwanza kroo, nami nikaanza!"
"Chura wa kwanza?"
"Wa kwanza! Kawaambie!"
"Nakwenda hivi sasa."

Fyuu! Kindi akamkalisha Kinda mahali pa Kasuku. Chiriku akaimba, chiri, chiri. Kinda akafuatisha. Chiri, chiri, mvua ikafika.

"Mama, huku majani ni matamu, ila si ya kwetu. Mama, nitakuja..."
Kroo!
"Basi!" Kindi akamziba Chiriku mdomo.
"Atakuja lini?" akauliza Mama Digidigi.
"Mbele ya hapo alishaingia Fisi, mama."

Fisi akaja kunywa maji. Kinda akamwambia, "Kisima ni cha wote. Kaa foleni." Pori zima likacheka.

Mama Digidigi hakucheka. "Rudia," akasema.
"Mama, nitakuja..."
"Rudia."

Hadithi yangu imekoma kwa chura. Anayetaka ya mbele akamuulize Fisi. Funzo, watoto: kuweka akiba si uchoyo. Kindi mwigeni.

"Maharage?"
"Yameiva!"
"Leteni sahani. Ya dada yenu ifunikeni."