Nati ya Upande wa Ukutani

"Mbona gurudumu la nyuma limekaa mshazari?"

Mhudumu wa afya wa kijiji kimoja aliliuliza swali hilo Jumapili, baada ya ibada, mbele ya wazee watano wa kanisa. Mmoja alikuwa akifuta spana kwa kitambaa. Mwingine akatazama saa yake. Yule mwenye spana akasema tu, "Haya mama, cheni tayari. Panda."

Baiskeli ilikuwa ya kanisa, ndugu zangu. Ilinunuliwa ili mama huyo awafikishe wagonjwa zahanati, maana wakati wa masika gari halikufika kule. Wazee wakajipangia zamu ya kuikagua kila Jumapili. Jambo jema, nani atalipinga? Ila baiskeli ilizoea kuegemezwa ukuta wa kanisa kwa ubavu wa kushoto, na cheni iko kulia. Mzee wa zamu alichuchumaa kulia, akaibonyeza cheni kwa kidole, akaiona inacheza, akakaza nati ya kulia. Jumapili iliyofuata mwenzake naye akakaza. Angeshikaje spana asikaze, na waumini wote wanamtazama? Gurudumu la nyuma lina nati mbili za kulivuta, moja kila upande, lakini ya pili ilikuwa ukutani, na mtu amevaa suti yake ya ibada.

Ukilivuta gurudumu upande mmoja tu, cheni inakaza kweli. Lakini gurudumu linakaa mshazari, tairi linasogelea bomba la fremu, na baiskeli inamvuta mtu pembeni. Mama aliyaona hayo kabla ya wote, kwa sababu ndiye aliyeipanda. Aliposema inamvuta kushoto, aliambiwa, "Kaa katikati ya siti, mama. Nyie wanawake mmezoea kukaa upande kama mnabebwa." Wakacheka, na yeye akacheka kidogo, kwa adabu.

Basi akajifunza kuinamia kulia. Aliendesha amepinda kiuno, na ukimtazama kwa mbali ungesema baiskeli inakwenda wima kabisa. Jioni alikuwa hawezi kuinua ndoo. Siku ya mavuno mwenyekiti wa wazee alimsimamisha mbele ya kanisa akasema, "Mnamwona mama huyu? Hajawahi kulalamika." Watu wakapiga makofi. Alikuwa amelalamika Jumapili tano mfululizo.

Siku moja asubuhi jirani yake, binti mwenye mimba ya kwanza, alishikwa na uchungu. Mama akamkalisha kwenye keria, akamfunga kwa kanga kiunoni mwake, wakaondoka.

"Dada, tutafika?"

"Tutafika. Ila usiniegemee upande wa kushoto, mdogo wangu. Nitashindwa kuinama."

Nawauliza, mtu mwenye uchungu utampangia pa kuegemea? Binti aliegemea maumivu yalikompeleka. Mama akajitahidi kupinda zaidi, akashindwa, na tairi likaanza kusuguana na bomba. Harufu ya mpira ulioungua iliwafikia kabla ya mlio. Tairi likapasuka katikati ya njia, mahali pasipo na nyumba hata moja.

Walitembea, mama akiikokota baiskeli. Walikaa chini, wakainuka, wakatembea tena. Walifika zahanati saa kumi. Mtoto alizaliwa kimya, akabaki kimya.

Ng'ambo ya zahanati kulikuwa na fundi baiskeli. Aliipindua ile baiskeli juu chini, akakaa akiitazama.

"Nani alikuwa anakaza hii?"

"Wazee wetu."

"Wote upande mmoja?"

Akamwonyesha mama nati ya kushoto. Kutu ilikuwa imeifunga kama haijawahi kushikwa tangu baiskeli itoke dukani. Akaitia mafuta, akaigonga kwa nyundo mpaka ikakubali. Akalegeza pande zote mbili, akalivuta gurudumu sawasawa, akafumba jicho moja na kuchungulia kwa nyuma hadi tairi likakaa katikati ya mabomba mawili. Akabadilisha tairi. Cheni akaiachia icheze kidogo, unene wa kidole. "Inatakiwa icheze hivi," alisema. "Mtu asiiguse."

Siku ya maziko baiskeli iliegemezwa ukuta wa nyumba ya msiba. Mama alikuwa amekaa mkekani, amemshika yule binti mkono. Mzee wa zamu akapita, akainama, akaibonyeza cheni kwa kidole.

"Hii imelegea," alisema kwa huruma kabisa. "Ndiyo maana yametokea haya."

Akatoa spana kwenye mfuko wa koti. Akachuchumaa kulia.

Mama alimwona. Hakusema neno, kwa sababu alikwisha kusema.

Sasa tusianze kuwanyooshea vidole wazee wale. Walikuwa na spana, walikuwa na zamu, na nia yao ilikuwa njema. Sisi je? Mke anakuja kwetu jicho limevimba, tunamwambia aongeze maombi. Binti wa chuo anasema kuna mtu mzima humu ndani anayemsumbua, tunamwandalia semina ya mavazi. Aongeze, ajirekebishe, apunguze. Kila mara yeye! Na yule mume, ni lini tulimketisha tukamuuliza? Yule mtu mzima aliitwa na kikao gani? Kule hatugusi, kwa sababu kuna heshima zetu, na kwa sababu huku kwa mnyonge ndiko tunakofikia bila kuchafua nguo.

Kisha tunashangaa mambo yanavyokwenda vizuri. Yanakwenda kwa sababu kuna mtu amepinda mgongo ili sisi tuonekane tumenyooka, nasi tunampigia makofi. Siku akiongezewa mzigo mmoja juu ya ule, akaanguka, tutapika chakula cha msiba, tutaimba vizuri, na kesho yake tutamrudia yeye yuleyule na ushauri uleule. Mungu atatuhesabia nia njema mpaka lini?

Ukitoka mlangoni hapo utakutana na mtu ambaye tumezoea kumsifu kwa uvumilivu wake. Naomba leo usimsifu. Muulize anavumilia nini, na akianza kukujibu, usimkatize.