Nyegere na Uji wa Wazazi

Ngano, jamani!
Ngano na ije!
Ije na nini?
Ije na kicheko, usingizi ungoje mlangoni.

Hapo kale, kale ya kale, alikuwako Pimbi mmoja, mama kijana, kajifungua mapacha juzijuzi tu, vitovu havijadondoka. Alikaa na jamaa zake kwenye kilima cha mawe, wakila majani, wakiota jua, hawana ugomvi na mtu.

Ng'ambo ya bonde alikaa Nyegere, mfalme mwenye jeshi. Ngozi ngumu, kucha ndefu, na woga hajapata kuuonja. Kwake alijaliwa mizinga ya asali hata haihesabiki, lakini kila akiamka hutazama vilima vya wenzake, akameza mate.

Asubuhi moja akateka kilima cha Ngiri. Asubuhi ya pili akateka kilima cha Nungunungu. Asubuhi ya tatu jeshi likapanda kwa Pimbi. Pimbi wote wakaingia mianyani, isipokuwa Mama Pimbi, maana miguu yake ilikuwa haijapata nguvu. Kabaki nje na mapacha kifuani.

Nyegere akapanda jiwe refu kuliko yote, akaimba:

"Mawe ni yangu, maji ni yangu,
Waliomo wote ni wangu,
Mwenye mji ni mimi!"

Mama Pimbi akawatazama wanawe. Wakimfukuza, aende wapi na vichanga hivi? Naye akiogopa, mdomo wake hukimbia kuliko miguu. Maneno yakamtoka kama mtama uliopasukiwa gunia.

"Shikamoo mwenye mji, sisi ni wako, hatubishi, ila mimi ni mzazi, arobaini yangu bado, na desturi unaijua, mzazi hulishwa na mwenye mji, sasa uji wangu ataukoroga nani, na maji ya moto ya kunikanda ataleta nani, na kuni je, na hawa wakilia usiku atawapakata nani, maana jana mwenye mji alikuwa babu yao na leo ni wewe?"

Nyegere akakohoa. "Mimi shujaa. Shujaa hapiki uji."

Askari wakatazamana. Mmoja akanong'ona, "Mfalme, mzazi akilala na njaa mjini kwako, mama zetu wakisikia, nyuso tutaficha wapi?"

Nyegere akainamisha kichwa. "Pikeni."

Wakalaza mikuki, wakainjika chungu.

Habari zikavuma. Ngiri wakasema, "Hata sisi tuna mzazi." Nungunungu wakasema, "Sisi tunao wawili, na mkwe wetu yu njiani." Basi Nyegere akaligawa jeshi: hawa walinde, hawa wachote maji, hawa wabebe unga, na mwiko akaushika mwenyewe. Na mbeba unga naye hula njiani. Asali ikaletwa kutoka nyumbani kutia uji utamu, ikaletwa tena, ikaletwa tena, mizinga ikabaki mitupu.

Mama Pimbi naye woga ukampungua. "Leo uji una madonge, baba. Na pilipili manga mmeibania."

Kule mianyani Pimbi walicheka mpaka wakatoka nje wenyewe.

Ndipo akafika shangazi yake Nyegere, anahema. "Mwanangu, mkeo kajifungua tangu jana. Moto hakuna, kuni hakuna, asali hakuna, mwanamume hata wa dawa hayupo. Anauliza, yeye ni mzazi wa mji gani?"

Mwiko ukamponyoka Nyegere.

"Mama Pimbi, chukueni kilima chenu."

"Na walinzi?"

"Naondoka nao."

"Na uji wa kesho?"

"Babu yao si yupo?"

Akateremka mbio, jeshi nyuma yake, na vile vilima viwili hata kuviaga hakuviaga. Mama Pimbi akampazia sauti, "Mpe hongera mkeo, umkande vizuri kiuno!" Kilima kizima kikapiga vigelegele, na babu akaja kuwapakata wajukuu zake.

Basi wenzangu, kuteka kilima ni kazi ya asubuhi moja. Kukilisha ni kazi ya kila asubuhi. Na hawa wakubwa wa leo wenye vifaru na ndege, wakijisifu wameongeza nchi, waulizeni tu: huko kwenu nani kawasha moto?

Ngano imetua. Ikiwa tamu, igawaneni. Ikiwa haina chumvi, mlaumuni aliyenipa, mimi niliipokea hivyohivyo.