Gari Lililoamkiwa Kila Asubuhi

Bwana Ngailo, tajiri wa mbao mjini Njombe, alikuwa ameshaua injini tatu za dizeli kwa papara yake. Aliponunua gari kuukuu la jirani yake, mjane mzee aitwaye Mama Sekela, tajiri huyo alimpa sharti.

"Injini ikifa kabla ya mavuno, nachukua shamba lako la viazi."

"Sawa, mwanangu. Lakini gari hili ni zee, linataka heshima. Zungusha ufunguo nusu, kisha liamkie kwa kituo: shikamoo, umelalaje, viungo vinaendeleaje? Ndipo uliwashe. Ukirudi, liage taratibu kabla ya kulizima. Ukiruka salamu hata mara moja, shamba hulipati. Nitakuwa nasikiliza."

"Mimi niliamkie gari?"

"Basi lirudishe."

Kwa kulitamani shamba, Ngailo alikubali. Kila asubuhi, katika baridi kali, wapasua mbao wake walimwona akiinamia usukani na kuuliza habari za viungo. Hata hivyo mavuno yalifika, na injini ikanguruma kama mpya.

"Kumbe gari linasikia?" Mama Sekela aliulizwa na shoga yake.

"Litasikiaje? Kwenye baridi, dizeli hutaka plagi zipate moto kwanza, na turbo hutaka kupoa kabla injini haijazimwa. Ningemwambia asubiri tu, angesubiri?"

"Na shikamoo?"

"Hiyo ilikuwa yangu. Tangu ahamie hapa hajawahi kuniamkia. Basi kila asubuhi nilisimama nyuma ya ua, nikaitikia marahaba."