Pimbi Amchorea Tembo Nyumba

Hapo zamani za kale, babu yenu akiwa bado hajajenga lile paa lake linalovuja, wanyama walikuwa na nyumba zao na ada zao. Palikuwa na Pimbi. Mnamjua pimbi? Kadogo, kama sungura aliyekatwa masikio, kanakaa kwenye mawe. Huyu alikuwa mama wa watoto wengi, na nyumba yake ilikuwa ufa wa jiwe juu ya kilima.

Asubuhi moja wanaota jua, wakasikia: gudu! gudu! gudu! Kokoto zikaporomoka. Tembo huyo, na mkewe nyuma.

"Hodi hapa!" akasema Tembo, naye keshaingia.

"Karibu, baba."

"Sikai. Mke wangu amepapenda hapa, pana upepo. Tunajenga nyumba. Nyie tafuteni pengine."

"Pengine wapi, baba? Bondeni yuko chui, mate yanamtoka."

"Hayo mwambie chui. Mawe haya nitayasukuma kwa kichwa, msingi upite."

Watoto wakaanza, wiii! wiii! Pimbi akawatolea macho, wakanyamaza. Kulia kungewafaa nini? Tembo ana masikio makubwa, lakini si ya kusikilizia shida za watu.

"Hongera, baba," akasema Pimbi. "Na ramani unayo?"

"Ramani ya nini? Nyumba ni kuta na paa."

"Hee! Kuta na paa ni banda la kuku. Mtu mzito kama wewe, una mke, una mkwe, ujenge kwa kubahatisha? Utakuta jiko linatazamana na kitanda, moshi wote wako!"

Bi Tembo akatega sikio. "Anasema kweli, mume wangu. Na mama yangu tutakaa naye. Asipoipenda hiyo nyumba, mimi siingii."

"Mama mkwe?" Tembo akashtuka, akajiweka sawa kana kwamba yupo mbele yake. "Yule namheshimu mno. Hata kivuli chake sikikanyagi."

Pimbi akalisikia hilo, akaliweka moyoni.

"Nitawachorea mimi," akasema. "Mawe haya nayajua. Mama mkwe akiridhika, siku hiyohiyo tunafungasha."

"Ukinidanganya nakukanyaga!"

Pimbi akazoa majivu jikoni kwake, akaanza kumwaga mistari chini, chwaa, chwaa, kama mafundi wanavyochora msingi.

"Hapa sebule. Hapa jiko. Hapa chumba chenu."

"Kikubwa zaidi!" akasema Tembo.

"Kikubwa, baba." Chwaa!

"Na dirisha la kutazama njiani," akasema Bi Tembo, "nijue nani kapita na nani."

"Dirisha, mama." Chwaa!

Tembo akaipenda ile nyumba mpaka akaanza kuishi ndani yake. Mkewe alipokanyaga mstari, akampigia kelele: "We! Unapitaje ukutani? Mlango si huo hapo?" Bi Tembo akarudi, akazunguka, akapita mlangoni. Tena akainama, asigonge kichwa! Jitu zima, linainamia hewa.

Ramani ilipokwisha, choo kikiwa mwisho kabisa, Bi Tembo akaenda kumleta mama yake. Pimbi akapanda juu ya jiwe kuchungulia njia. Alipowaona wanakuja akateremka mbio.

"Baba, hiki choo nimekipima kwa macho tu. Hebu ingia ujaribu, kisije kikakubana."

Tembo akaingia, akachuchumaa, mgongo mlangoni. "Kinatosha. Ila akija mtu, si nitakohoa?"

"Ukohoe wewe? Kikohozi chako kitapeperusha majivu, nyumba yote iondoke! Wala usiongee. Chooni kunaongelewa?"

Tembo akafunga mdomo, akafumba na macho.

"Hodi!"

"Karibu, mama, karibu!" akaitikia Pimbi.

Mama mkwe huyo. Alikuwa mama wa zamani, mwenye adabu zake. Kajifunika kanga usoni, macho chini, asije akakutana na mkwewe ovyo ovyo. Hakuona chochote ila majivu miguuni. Bi Tembo alikwisha kwenda dirishani kwake kutazama njia.

"Chumba changu kipi, mwanangu?"

"Fuata ukuta huu, mama. Mlango wa mwisho."

Na mlango wa mwisho ulikuwa wa nini? Wa choo!

Tembo akaisikia ile sauti, jasho likamtoka. Akohoe? Nyumba itapeperuka. Aseme? Chooni hakuongelewi. Atoke? Mlango ni mmoja, na mkwe anakuja na mlango huo. Avuke ukuta? Mtu hapiti ukutani!

Taf, taf, taf. Mama mkwe akapinda, akaingia, akaondoa kanga usoni.

"Yalaaa!"

"Shikamoo, mama!" akaropoka Tembo, kachuchumaa vilevile.

"Mkwe ananiamkia chooni!" Hata marahaba hakuitoa. Akageuka, mbio, gudugudugudu! Tembo naye akakurupuka upande wa pili. Sebule, jiko, dirisha la umbea, vyote vikawa vumbi, vuuu!

Sasa nguo tembo hana, hajawahi kuwa nayo, na mama mkwe alikuwa akimwona vile miaka yote. Lakini choo ni choo.

"Umemfanyia nini mama yangu?" Bi Tembo akafoka.

"Nimemwamkia tu!"

Pimbi akaja na majivu mengine, mpole kama maji ya mtungini. "Nichore upya, baba? Choo tukigeuze?"

"Hapa? Kila nikiingia chooni nimwone mama mkwe? Sipataki! Kilima chenyewe sipataki!"

"Wala mama hatakanyaga tena hapa," akasema Bi Tembo. "Twende, umeniaibisha."

"Na sisi, baba, tufungashe?"

"Kaeni na mawe yenu! Ila mkimsimulia mtu..."

"Tumsimulie nani, baba? Sisi wa mawe matupu."

Tembo akateremka kilima kichwa chini. Hajafika hata bondeni, Pimbi keshawasimulia watoto, na hao watoto ndio waliosimulia mpaka ikanifikia mimi.

Basi ukimfukuza mtu kwake, usimpe tena yeye kazi ya kukupangia nyumba, maana atapanga yake kwanza.