Ubao wa Sabuni

Mwanamke mmoja alikuwa na mtumishi wa ndani, na asubuhi moja mtumishi alikuwa amesimama katikati ya sebule anadai shilingi laki tatu na elfu sitini. Hakuna aliyemwambia akae. Mwenye nyumba, Mama Gaudensia, alikuwa anamhesabia makato kwa vidole: kikombe kilichovunjika Pasaka, dawa ya malaria, kandambili alizonunuliwa alipofika pekupeku. Alisema mtu hawezi kula, kulala na kutibiwa bure, kisha akaja juu kama mtu aliyekopesha. Mtumishi, jina lake Sekela, alimwacha vidole vimwishie. Chini ya kanga alikuwa ameshika kitu, nacho kilikuwa bado kinanuka sabuni.

Msije mkadhani mama huyu alikuwa mtu wa anasa. Mtaa mzima ulimjua kwa kubana matumizi, na wanawake walikwenda kujifunza kwake. Vumbi la makaa ambalo wengine humwaga, yeye alilichanganya na udongo, akafinyanga madonge, akayaanika. Madonge mawili matatu yaliivisha sufuria ya maharage. Wali ukianza kukauka maji aliuepua, akaufukia ndani ya kapu lenye mablanketi makuukuu, ukamalizia kuiva bila moto. Maji ya kuoshea mchele yalimwagilia mchicha. Shati la mume likichakaa kola, kola iligeuzwa. Shati likichoka, likawa tambara. Tambara likichoka, likawa utambi wa kibatari. Hayo yote ni mema, wala siyatemei mate. Anayetupa kilicho chake ni mpumbavu.

Sasa, mshahara wa Sekela ulikuwa elfu thelathini kwa mwezi. Mwezi wa kwanza aliponyoosha mkono, Mama Gaudensia alimwambia kwamba fedha mkononi mwa msichana huota miguu, afadhali amwekee. Akaleta kibubu, kile kisanduku cha mbao kilichopigiliwa misumari pande zote, chenye tundu moja tu juu la kutumbukizia. Kila mwisho wa mwezi, mwaka mzima, alimwita ashuhudie noti zikiingia, na kila mara alimwambia, haba na haba, mwanangu. Sekela akaridhika. Kwao, mama yake alikuwa analala katika nyumba ya nyasi iliyooza paa. Mvua ikinyesha, bibi kizee yule alihamisha kitanda kona kwa kona mpaka kona zikamwishia. Kwa hiyo kila noti zilipozama tunduni, Sekela alisema moyoni: bati jingine.

Masika yalipokaribia, likaja tangi jeusi la maji, likasimamishwa chini ya mfereji wa paa. Mama Gaudensia aliwakusanya wanawake akawaonyesha faida ya akiba: maji ya mvua hayana bili, Mungu hatumi karani kusoma mita. Walicheka, wakampigia vigelegele. Sekela naye alipiga, maana safari za bombani zilikuwa zimekoma. Alipouliza mbona kibubu hakionekani kabatini, aliambiwa kimehamishiwa mahali salama, na asiwe na maswali ya kipolisi ndani ya nyumba ya watu.

Lakini mtu aliyezoea kutotupa kitu hawezi kutupa hata ushahidi. Mnajua wenyewe kwamba sabuni ikilala kwenye maji huyeyuka kabla ya siku zake. Mwenye akili huilaza juu ya ubao uliotobolewa, maji yakachuruzika, sabuni ikadumu. Sekela alikwenda kufua, akakuta sabuni imewekewa ubao ambao hakuwahi kuuona pale karoni. Akainua kipande cha sabuni. Ubao ulikuwa na tundu jembamba katikati, urefu wa noti, na pembezoni alama za misumari iliyong'olewa. Alikaa chini kando ya beseni. Wakati uo huo mvua ya kwanza ilianza, akaisikia ikimiminika ndani ya tangi, naye alijua mvua hiyo hiyo inamwangukia nani kwingine.

Huo ubao ndio alioutoa chini ya kanga asubuhi ile, akauweka mezani. Mama Gaudensia aliutazama. Hakukana, watu wa namna yake hawakani, hufafanua. Alisema tangi ni la nyumba nzima, na Sekela mwenyewe anakunywa humo, na shingo yake imepumzika ndoo, kwa hiyo fedha haijapotea, imegeuka maji. Tena akamwonea huruma yule bibi kizee. Akaeleza kwamba kandambili iliyokatika, ukiiyeyusha motoni, huziba tundu la bati kuliko lami ya dukani, akainuka mwenyewe kwenda kumchagulia mbili kuukuu za kumpelekea mama yake. Ujanja huo ni wa kweli, mimi mwenyewe nimeujaribu. Ila nyumba ile ya nyasi haikuwa na bati la kuziba.

Anayejinyima tunamwita bahili, na ni haki yake. Anayemnyima mwingine jasho lake ana jina jingine, na ninyi mnaonisikiliza mnalijua. Wengine wenu mkiitwa kwalo mtageuka. Haba ilikuwa ya Sekela. Kibaba kilikuwa cha Mama Gaudensia.

Sekela alizisogeza kando kandambili alizoletewa. Akausukuma ubao mpaka ukafika mbele ya Mama Gaudensia, sabuni imekauka kwenye kingo za tundu.

"Mama, kubana matumizi umenifundisha, nashukuru. Laki tatu na elfu sitini. Weka hapa."